Mwavuli Kwenye Uzio wa Nyuma

Mdogo wangu mpendwa, mtoto wa mama yangu,

Salamu zangu zikufikie wewe pamoja na binti yako. Natumaini mgongo umekuachia kidogo, na kwamba mashuka ya hospitali hayajakumaliza mikono. Sisi hatujambo. Wifi yako ni mzima, watoto wanakula kama mchwa, na mimi nina macho mekundu tu ya kukodolea vioo vya kompyuta kutwa. Ukiondoa hayo, nashukuru.

Najua unashangaa kupata barua yangu na tunaishi mji mmoja. Lakini simu zangu hupokei tangu siku ile niliyokuja kwako nikamkuta mtoto ana nundu kwenye paji la uso. Uliniambia ameteleza bafuni. Nikauliza mbona ndala zake kavu, mbona sakafu ya bafu kavu, ukanitoa nje ukisema hapa ni nyumbani, siyo kituo cha polisi. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Mimi nina ugonjwa wa kutoamini, na wewe ndiye uliyenibandika jina la Mpelelezi tangu tukiwa bado tunagombania mto wa kulalia. Nakuomba uvumilie usome mpaka mwisho. Nina neno zito, na nikilianza mbele utaichana karatasi kabla hujaelewa.

Kazi yangu unaijua juu juu tu. Ofisi ya elimu ya wilaya ina shule nyingi, zote zina kamera, na kamera zote zinaishia kwenye chumba chetu kisicho na dirisha. Humo nipo mimi na mwenzangu wa zamu tunayemwita Bundi, kwa sababu ana kipaji cha kulala macho wazi. Mkubwa wetu ni afisa usalama, bwana mmoja nadhifu asiyecheka, anayeamini kwamba kila anayesogelea uzio wa shule ana lake jambo. Mimi na yeye tulikuwa tunaelewana sana.

Taratibu zenyewe unazijua kama mzazi. Mabegi yanapekuliwa getini. Dawa yoyote haiingii shuleni ila kupitia kwa muuguzi, tena kwa karatasi ya daktari. Na mtoto mwenye maradhi ya kudumu alikuwa anavishwa kadi nyekundu shingoni, ili akizidiwa mwalimu yeyote ajue la kufanya. Aliyebuni kadi hiyo nadhani hakuwahi kuwa mtoto.

Basi muhula huu nikaanza kuona mwavuli. Mwavuli mweusi, jua liwe kali, mawingu yawe yametanda, unakuja kwenye uzio wa nyuma wa shule moja wakati wa mapumziko ya mchana, upande wa mabomba ya kunawia mikono. Kamera ya pale imefungwa juu sana, kwenye ukuta wa maktaba, na kioo chake kina vumbi la tangu ilipofungwa, kwa hiyo nyuso sizitambui, naona zaidi utosi wa watu. Msichana mmoja wa sare anatoka kwenye kundi na kusogea. Mkono unapita katikati ya nondo, unatoa kitu, unarudi, na mwavuli unaondoka mbio mbio. Wasichana wote pale wamenyolewa sawa na wamevaa sare moja. Sikuweza kujua ni nani.

Bundi alisema ni mzazi tu anamletea mwanawe cha kula. Nikamuuliza ni chakula gani hicho kinachoenea kwenye ncha za vidole viwili. Mwaka juzi tulimkamata mtu akiwauzia wanafunzi vidonge vya kulewesha, kwa hiyo akili yangu haikuwa na safari ndefu. Nikaanza kuona mtandao mzima. Mlinzi wa geti la nyuma, mbona anageuza shingo saa hiyo hiyo? Muuguzi, ambaye dirisha lake linatazama uzio, mbona pazia lake halifunguliwi? Hata muuza madaftari wa ng'ambo ya barabara nilimtilia shaka, kwa sababu tu anatabasamu sana kwa mtu anayeuza madaftari. Ilifika mahali wifi yako akasema nimeanza kumkazia macho hata yeye akikoroga chai.

Katikati ya wiki nikampelekea afisa usalama taarifa, pamoja na picha za ule mwavuli. Alifurahi mpaka akanipa mkono. Akapanga kwamba Jumatatu askari waliovaa kiraia wajifiche kwenye chumba cha jenereta, wamkamate yule mwenye mwavuli vidole vikiwa bado ndani ya nondo, na msichana apelekwe ofisini akapekuliwe mbele ya mwalimu mkuu. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kifua mbele.

Jana Ijumaa nilikaa mbele ya kioo nikitafuta picha iliyo safi zaidi. Mwavuli ukaja. Mkono ukapita kwenye nondo, ukatoa kitu, na safari hii haukurudi haraka. Vidole viwili vikamshika msichana chini ya kidevu vikakiinua. Msichana akafungua kinywa, akatoa ulimi, akaupeleka kushoto, akaupeleka kulia. Bundi akacheka, akasema labda ni daktari wa meno wa kutembeza. Mimi kicheko kilinikauka. Unakumbuka dawa zile chungu za malaria? Unakumbuka mama, Mungu amrehemu, alivyokuwa anatupanga mlangoni, kidevu juu, ulimi nje, kushoto, kulia, halafu kofi dogo la shavuni la kusema haya, nenda kacheze? Nikaganda pale kwenye kiti nikingoja kofi.

Likaja. Taratibu, la upendo, lile lile.

Ndipo nikaitazama miguu iliyo chini ya mwavuli, na viatu vya mpira vya kufulia ambavyo nilikununulia mwenyewe.

Mdogo wangu, niliona aibu ambayo sijui niipeleke wapi. Nilijua mwanao anasoma shule ile, na bado sikumwaza hata mara moja. Nikaielewa ile nundu. Nikaielewa siku ile ya mazishi ya mama, mtoto alipoanguka uani akitetemeka, ukamfunika khanga na kutuambia ni njaa. Ni kifafa, sivyo? Umekuwa ukitoka kazini mchana kweupe, ukikimbia na mgongo huo mbovu, ili mwanao ameze kidonge cha mchana bila mtu kujua. Uliogopa ile kadi shingoni mwake. Uliogopa wenzake wasije wakakataa kukaa naye dawati moja. Na bila shaka uliogopa maswali yangu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, kwamba kaka yako ni mmoja wa watu unaowakimbia.

Nilikwenda kwa afisa usalama papo hapo, nikamwambia nimekosea, nimechunguza tena, yule ni mzazi wa kawaida. Akanitazama kama mimi ninavyowatazama watu. Akauliza nimeanza lini kuwa na huruma na nani amenifuata nyumbani. Akasema picha zimeshakwenda ngazi za juu, Jumatatu iko palepale, na nikiongeza neno atanichunguza mimi kwanza. Nilimwachia ofisi yake nikatoka. Sina nguvu ya kulizuia jambo nililolianzisha mwenyewe, ila naweza kukuonya, na ndiyo maana nimemtuma wifi yako akukabidhi barua hii mkononi, asimpe mtu mwingine yeyote.

Sikuishia hapo. Nilichukua kitambaa nikaenda shuleni kwa kisingizio cha kufuta kioo cha kamera. Nikapita kwa muuguzi, nikajifanya nina hamu tu ya kujua mambo. Akaniambia kadi za shingoni zimeondolewa tangu muhula ulipoanza, baada ya wazazi kulalamika. Sasa zinakaa kwenye kabati lake, na walimu husika wanaambiwa kwa siri. Sikumwamini, unanijua. Nikasimama mle ndani kwenye dirisha lake nikisugua kioo ambacho hakikuwa na uchafu, mpaka watoto wa dawa za jioni wakaja. Wanaingia mlango mmoja kila mtu kwa zamu yake, wanatokea mwingine. Shingo zote tupu. Na lile pazia nililokuwa nalishuku limefungwa kwa ajili yao, wasichunguliwe. Muuguzi anampa mtoto dawa na kikombe kizima cha maji, kisha anampigisha soga, anamtaka ajibu kwa sentensi ndefu, ndipo amwache aende. Jina lako sikulitaja. Nilitoka bila swali hata moja, jambo ambalo halijawahi kunitokea.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Mwavuli wako ukishakata kona, wewe huoni tena kitu. Kamera inaendelea kuona.

Siku zote macho yangu yalikuwa yakiufuata mwavuli, lakini jana yalibaki kwa mtoto, nikamwona binti yako akikusubiri upotee. Kisha akaenda kwenye mabomba, akainama kama anayekunywa maji, akaingiza kidole kinywani, akatoa kidonge na kukisukuma kwenye tundu la maji machafu. Akasukutua, akarudi kwa wenzake anakimbia. Nikarudisha picha za juzi. Vilevile. Nikarudisha za wiki nzima, na za wiki iliyotangulia, nikitafuta hata siku moja aliyomeza. Sikuipata.

Usijilaumu. Ukaguzi wa mama umeurithi wote, pamoja na dosari yake. Ulimi unatoka, kushoto, kulia, na kidonge kiko juu kabisa, kati ya ufizi na shavu. Huko ndiko nilikokuwa naficha vyangu, na mama hakunikamata hata mara moja.

Wala mtoto hakugundua mwenyewe. Likizo iliyopita, alipolala kwetu, aliniomba nimsimulie utundu wangu wa zamani. Nikamsimulia hilo la vidonge, nikajisifu, tukacheka wote. Akaniuliza ni juu wapi hasa, mjomba. Nikachukua kifungo cha shati nikamwonyesha. Akaomba ajaribu na yeye. Mimi ninayemshuku hadi muuza madaftari, siku ile sikujiuliza mtoto anataka kujua kwa nini.

Nisamehe. Nimeliandika hilo mara mbili nikaona halitoshi, nikaacha moja.

Jumatatu usiende kwenye uzio, nakuomba kwa jina la mama. Pita geti la mbele na karatasi ya daktari, mwavuli ukiwa umekunjwa, uende moja kwa moja kwa muuguzi. Mimi nitakuwa kazini nikikitazama kioo cha uzio wa nyuma, na dua yangu ni moja tu, nisikuone.

Wifi yako anakusalimu sana, na watoto wanamuulizia dada yao. Nawe unisalimie mwanao, tena kwa upole. Usimchape, wala usimuulize lolote leo. Mwambie tu kwamba mjomba wake anakuja kesho asubuhi kukaa naye, na kwamba atakayefungua kinywa kwanza ni mjomba.

Ni mimi kaka yako,
Mpelelezi