Viatu vya Mlango wa Ubavuni

Usagara, Tanga
9 Julai 1955

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanasiti binti Jumbe, Maramba.

Shikamoo mama. Nakushika miguu kutoka huku mbali, na miguu yako hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika, kama utakavyosikia mbele. Mimi mwanao sijambo, alhamdulillahi, ila kipupwe cha mwaka huu kimeniletea mafua yasiyotaka kuaga. Mkweo Mselem ni mzima, anakuamkia kwa adabu zote. Wasiwasi wetu ni wewe. Macho yanaonaje siku hizi? Na ile nyonga, bado inakuuma ukiinuka?

Sabiha, shoga yangu, wewe unayemsomea mama barua hii, nawe nakusalimu sana. Nakuomba usome kila neno, usiruke mahali nitakapokutaja, maana nitakutaja sasa hivi. Mama, usimkasirikie Sabiha. Ndiye aliyenipasha habari kwamba uliteleza kwenye matope mwezi wa Ramadhani ukitoka kisimani, ukakaa pale chini na ndoo yako tupu mpaka yeye alipopita. Najua ulimwapisha asiseme. Akasema, na mimi namwombea kwa Mungu kila nikiswali.

Unakumbuka tulipokuja Iddi nilikuomba uhamie kwetu. Ulinipa sababu nyingi: mara kuku, mara mihogo, mara kaburi la baba litaota majani. Lakini ile ya kweli uliitoa mwisho, Mselem alipokwenda msikitini. Ulisema mama mtu mzima hakai nyumba moja na mkwewe. Ulisema macho hayana pazia, na yako yamefifia, sasa utajuaje kama mkwe amesimama mbele yako alfajiri unapotoka kuoga na kanga moja? Na ulisema kweli. Ndani ya basi nilimweleza Mselem yote. Alitazama nje mpaka tukaingia Tanga, nami nikadhani jambo limekwisha.

Sasa nikupe habari za zile nyumba zake ndogo za mbao, maana huko nyuma nilikudokezea tu, kwa kuona haya. Unajua Mselem anafanya kazi dukani kwa Pyarali, kufungua masanduku na kupima sukari. Miaka mitatu iliyopita Khatijabai, mkewe Pyarali, aliletewa kutoka ng'ambo nyumba ya mwanasesere kwa ajili ya mjukuu wake Kulsum. Ilifika paa limepondeka. Mselem akaitengeneza, ikapendeza, lakini aliporudi nyumbani alikuwa na huzuni kama mtu aliyetoka matangani. Akaniambia ameiona nyumba isiyo na baraza wala uwani, ngazi imepanda katikati, na mwanamke hana pahali pa kukaa bila kuonekana na wapita njia. Akauliza watu wa humo wanaishije. Wiki ile ile akaomba mbao nyembamba za masanduku ya chai, akaanza kujenga nyumba ya Kitanga, kimo chake kama cha debe lililolazwa: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma, na paa la makuti aliyoyasuka kwa vidole mwenyewe.

Nilimcheka, mama. Nilimwambia mtu mzima na ndevu zake anacheza baba na mama. Akaniomba kijitambaa cha pazia. Nikamshonea ili nimnyamazishe. Nikalitazama pazia lile, nikaona limekaa upande, nikalifumua, nikashona jingine. Kumbe na mimi nimekwisha kunaswa. Leo ukiniuliza kazi ya Ijumaa baada ya swala, ni hiyo: yeye anapiga chokaa kuta kwa unyoya wa kuku, mimi nawamba vitanda kwa uzi wa cherehani na kusuka mikeka ya ukindu uliopasuliwa mpaka ukawa kama unywele. Nimetengeneza mbuzi ya kukunia nazi, meno yake ya bati. Nilikuna nayo nazi kweli, nikapata tui la kumtosha sisimizi mmoja, tena asiye na wageni. Nyumba tulizomaliza hatuuzi. Moja anayo Kulsum, nyingine tumewapa watoto wa ndugu, na moja iko juu ya kabati langu, kila mgeni anayekuja ananiuliza kama inapangishwa.

Jambo moja tu hatutii ndani, nalo ni watu. Mselem anasema kuchonga sanamu ya mtu si kazi yake, ana Mola wa kumwuliza. Kulsum alipolalamika kwamba nyumba yake haina wenyewe, Mselem alikata vipande vya ngozi na vya mbao, akatengeneza viatu vidogo, akavipanga mlangoni: makubadhi ya baba, mitalawanda ya mama, na vya watoto vimetupwa ovyo kama watoto wanavyovitupa. Akamwambia mtoto watu wamo ndani wamelala, haoni viatu vyao? Kulsum akaridhika, akawa anaingia chumbani kwa kunyata. Tangu siku hiyo kila nyumba yetu ina viatu mlangoni, nasi tunajua nani na nani wanakaa humo.

Baada ya Iddi alianza nyumba mpya, na safari hii akajenga yetu wenyewe. Nilifurahi sana. Aliipima kwa kamba, akaweka hata ule ufa wa baraza na ule mlango wa uwani unaokwama masika. Lakini alipofika kwenye chumba cha ubavuni, kile alichokuwa akipanga fundi cherehani aliyehamia Korogwe, akatoboa ukutani mlango ambao kwetu haupo. Halafu akagawa uwani kwa ua wa makuti, na upande wa pili wa ua akaweka jiko dogo na bafu dogo. Kisha mama, nikawa namwona amelala kifudifudi sakafuni, shavu chini, jicho moja amelifumba, anachungulia kutoka kwenye kile kibaraza kuelekea ule mlango. Anatikisa kichwa, anaziba tundu, anatoboa jingine nyuma zaidi. Analala tena, anachungulia tena. Siku aliporidhika, fundi wa kweli alikuja na nyundo akabomoa ukuta wa nyumba yetu ya kweli pahali pale pale. Nilimwuliza kulikoni. Akasema chumba kinataka hewa.

Sabiha, hapa punguza sauti, majirani wasijue mambo yetu. Mama, wewe unajua nilifikiri nini. Chumba chenye mlango wake, jiko lake, bafu lake, na ua katikati ili macho yasikutane. Hivyo ndivyo mwanamume mwadilifu anavyomjengea mke wa pili. Na miaka tisa ndani ya nyumba hii bila mtoto, nani angemlaumu? Ningemlaumu mimi peke yangu, na mimi nisingesikilizwa. Niliacha kushona. Nilipika bila kuonja. Akaniletea vitambaa viwili, akaniuliza kipi kinafaa kwa pazia la chumba cha ubavuni. Nikamwambia achague mwenye chumba. Akafikiri kidogo, akasema kwa upole kwamba ni kweli, mwenyewe ndiye atakayechagua. Nusura nimtupie chungu, na mchuzi ndani.

Nilimweleza Khatijabai, maana lazima umweleze mtu. Akasema mume nimwulize, akasema wake wengi wamekufa kwa maradhi ya kutouliza. Nikamjibu afadhali nife. Kiburi hiki sijui nilikitoa wapi mama, ila watu wanasema nimefanana nawe.

Juzi Alhamisi, Mselem yuko dukani, nilikuwa nafagia karibu na ile nyumba. Kwenye mlango wa mbele nikaona makubadhi yake na mitalawanda yangu, vimekaa pamoja kama siku zote. Kwenye mlango wa ubavuni nikaona jozi ya tatu. Viatu vya ngozi, vya kike, vimepangwa kwa adabu, ncha zake zikielekea ndani. Basi amekwisha kuingia, nikasema moyoni. Nikavichukua, nikaenda navyo jikoni nivitie motoni, sikujali dhambi wala nini. Vilikuwa vyepesi mno, nikafungua kiganja nihakikishe sijaviangusha. Ndipo nikaona uzi.

Ukanda wa kiatu cha kushoto ulikuwa umekatika na kushonwa kwa uzi wa buluu, mishono imelala upande. Kisigino cha kulia kimelika ubavu wa nje. Mama, duniani kuna mtu mmoja tu aliyeshona kiatu cheusi kwa uzi wa buluu kwa kuwa mweusi ulikwisha na dukani ni mbali, nami nilikaa karibu yake akishona, nikamwambia haipendezi, akaniambia miguu haina macho. Nilikaa chini mbele ya jiko nikalia mpaka wali ukaungua.

Mselem aliporudi nilimwonyesha kiganja changu. Aliona haya kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari. Akasema mwanamume hawezi kumwambia mama mkwe njoo uoge kwangu, maneno hayo hayana mlango wa kutokea. Na kama angeniambia mimi, ningekwambia wewe siku hiyo hiyo, nawe ungekataa kabla mlango haujakuwapo. Kwa hiyo alitaka ajenge kwanza katika mbao za chai, apate pahali ambapo yeye akikaa barazani, akija, akitoka, hata akikosea, hawezi kukuona, nawe huna haja ya kujua yuko wapi. Alisema ulisema macho hayana pazia, basi yeye ameliweka.

Nikamwuliza viatu amevijuaje hivyo. Akasema kwa miaka tisa ameinamisha macho mbele yako. Hajui vizuri sura yako, na ukipishana naye sokoni umevaa viatu vya mtu mwingine hatakutambua. Lakini miguu yako anaijua. Tena akaniambia jambo ambalo alikuwa hajapata kuniambia. Siku ya posa, wajomba walipokuwa wakisitasita kwa kuwa hana kitu, yeye ameinamisha kichwa akingoja kufukuzwa, aliona miguu miwili imekuja mpaka mlangoni ikasimama, na akasikia sauti ikisema kijana apewe. Hakuinua macho. Anasema tangu siku hiyo akiiona miguu ile mahali, moyo wake hutulia.

Nami nikamwambia nilivyomdhania. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akasema mke mmoja mwenye hasira kama zangu anatosha mtaa mzima. Kisha akanishika mkono, tukakaa hivyo mpaka adhana ya magharibi. Nampenda, mama. Sijapata kuliandika neno hili, na naona kuliandika si vigumu sana.

Sasa sikiliza. Pamoja na barua hii Asheri, dereva wa basi la Maramba, atakuletea sanduku. Nyumba imo. Usijali macho, ile nyumba ni ya kushikwa. Sabiha, mwekee mama mapajani, baraza limwelekee yeye. Mama, pitisha kidole: huo ufa ni baraza letu, hapo Mselem hukaa jioni, na hapo kiache kidole cha mkono wa kushoto. Sasa zunguka na mkono wa kuume, fuata ukuta mpaka mwisho, pinda kona. Umeona umbali huo? Hapo ndipo mlango wako. Kizingiti amekifanya kifupi kwa ajili ya nyonga. Ndani kuna kitanda, na huo ndio mkeka wangu. Dirisha halina pazia, unangojwa wewe uchague. Toka kwa nyuma: jiko lako, bafu lako, na pipa la maji lisilohitaji kisima. Pembeni kuna kibanda kitupu, cha kuku, lakini nasikia Sabiha amewatamani kuku wako siku nyingi, basi fanyeni shauri. Na makuti ya ua huo yashike uyajaribu, hayapitishi jicho. Kila ulichogusa kimekwisha kujengwa huku kwa mawe na chokaa, na chokaa imekauka.

Kaburi la baba hatutaliacha. Kila tukija Maramba tutalipalilia pamoja, mimi napalilia, wewe unanikosoa.

Mwisho shika viatu vilivyo mlangoni. Gusa ukanda wa kushoto. Ukiwa hutaki kuja, mama, sitakulazimisha, mrudishie Asheri sanduku na viatu vikiwa ndani, nitaelewa na nitaendelea kukupenda na kukusumbua. Ukiwa unakuja, hivyo vidogo mwachie Sabiha awe anakukumbuka kwavyo, uvae vile vikubwa, upande basi. Iddi ya kuchinja haiko mbali, tuile pamoja.

Mselem amesema hana haja ya kutumiwa habari kwamba umefika. Kila jioni akitoka dukani atapita ubavuni kwa nyumba, ameinamisha macho kama kawaida yake. Siku akiviona mlangoni, atajua.

Wasalimie majirani wote, na wewe Sabiha pokea salamu zako kwa mikono miwili, na mfute mama machozi, halafu ujifute na wewe. Mungu akulinde, mama, mpaka mkono wangu uushike mkono wako.

Ni mimi mwanao,
Mwanamkasi