Mama, Nimepanda Mbegu Zote

Mama,

Hapa Kingi, kwenye milima ya Masisi, ukungu bado unashuka kila asubuhi mpaka mlangoni, na mimi bado naamka nikidhani kikohozi ninachosikia ni chako. Ni mbuzi tu. Halafu nakumbuka, na moyo unaniuma upya.

Tangu tukuzike mengi yamebadilika. Paa la jikoni tumeliezeka upya. Mtoto wangu wa mwisho ameanza kutembea, na kwa kuwa jina lako ndilo analoitwa, nakukaripia mchana kutwa. Na mvua ilizidi, Mama. Maharagi yalioza shambani kabla hatujavuna. Yalibaki yale ya mbegu tu, kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya meko.

Unakumbuka ulivyoishika hadithi ya mana, chakula cha mbinguni kilichoota funza kikilazwa, ila kwa siku ya kupumzika tu? Hukulaza chakula. Kilichobaki jioni kilikwenda kwa jirani au kwa mpita njia. "Hii chungu iko ya leo," ulisema. "Ya kesho iko kwa Mungu." Jumamosi tu ndipo ulipopika cha siku mbili, na Jumapili ulifunua chungu, ukanusa, ukatuangalia kama mtu aliyeshinda kesi: hakuna funza. Baba alisema ni baridi ya Masisi. Ulimnyima chakula mpaka akasema amina.

Lakini habari ya mbegu hukunieleza. Mume wangu alitaka tuzipike, watoto wana njaa, na ati wewe mwenyewe ulifundisha tusiweke kitu. Nilikasirika kwa kuwa alitumia maneno yako. Nilikipakata kibuyu, nikakuuliza kwa sauti. Basi nilikwenda nikazipanda zote, huku nalia, huku naimba, sijui kipi kilizidi. Nilirudi na kibuyu kitupu na woga mwingi. Watoto walikunywa maji ya moto, wakalala.

Leo mchana, ndani ya ukungu, ametokea mtu kutoka Walikale na kikapu kichwani: nyama iliyokaushwa, ndizi, chupa ya mawese. Sikumjua. Alisema zamani alipita hapa na homa, akirudi kutoka kazi ya barabara, ukamlisha.

"Mama iko wapi?" akauliza. "Alinipatia chakula bila kuniuliza jina. Nimemuletea hii."

Nilimwambia umetangulia shambani. Akatua kikapu, akaketi kukungoja. Mimi nikaketi kando yake, tukatazama njia inayopotelea kwenye weupe ule, na kwa kitambo, Mama, nilikungoja kweli.

Sasa nyama inachemka, na watoto hawabanduki jikoni. Yeye bado ameketi mlangoni.

Pumzika, Mama wangu. Nitamwambia ukweli, nakuahidi, na nitampeleka kwenye kaburi lako. Ila acha kwanza ashibe.