Maziwa ya Kuosha Kifua

Mpendwa Baba,

Baridi ya Julai imeshuka Ruiru na mimi nimepata wateja. Nakuambia hilo kwanza kwa sababu najua ungelifurahia. Nina kibanda kando ya barabara wanayopita watu wa viwandani, na ninachouza ni kile kile ulichokuwa ukipika kwenye sufuria nyeusi kule kwetu Gatuanyaga: tangawizi iliyotwangwa, saumu, ndimu, asali, na pilipili kidogo ya kumfanya mtu ajue kwamba amekunywa kitu. Wengine wanakuja na mafua, pua zinatiririka. Wengine hawana ugonjwa wowote ila kichwa kimejaa mawazo. Nawapa kikombe cha moto, wanakunywa wamesimama, wananisifu. Juzi mama mmoja aliniuliza nani alinifunza. Nikamwambia ni baba yangu. "Mungu ambariki huyo mzee," akasema, nami nikageuka nikaanza kuosha vikombe ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mambo ya mafua uliyajua, sitakunyima haki yako. Mtoto akianza kukohoa ulienda mwenyewe kukata majani ya mkaratusi pale mpakani, ukayachemsha, ukatufunika blanketi juu ya karai la mvuke mpaka tukatoka tumelowa jasho na pua zimefunguka. Ulimsumbua Mama aweke terere na managu kwenye kila chakula, ukisema mtu asiyekula mboga za kienyeji hana askari mwilini. Ulitulaza mapema kama kuku. Na mawazo yakikuzidi, mvua ikikataa kunyesha na mahindi yakikauka yakiwa ya magotini, ulichukua jembe ukaenda kung'oa nyasi huku ukivumisha nyimbo za kanisa puani. Ulirudi uso umelegea. "Toa jasho, Maitu," uliniambia, "na hayo mengine yatatoka nayo."

Maitu. Mama yangu. Ulinipa jina la mama yako, kama desturi ya binti wa kwanza, na tangu hapo hukuniita Nyambura hata siku moja. Wageni walicheka wakimsikia mzee mwenye ndevu akimwamkia mtoto wa nasari kama mzazi wake. Mimi nilijivuna sana.

Hizo dawa zako zote zilifanya kazi. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kama zingekuwa uongo mtupu, tungekushuku mapema. Lakini kila mafua yaliyoingia nyumba ile ulikuwa umeyatoa, kwa hivyo ilipofika zamu ya kifua chako, nani angethubutu kukuambia kwamba hujui unachofanya?

Ulifanya kazi kwenye kiwanda cha nyuzi Thika, katika chumba cha kufungulia marobota ya pamba. Ulirudi jioni nyusi nyeupe, masikio meupe, na sisi tukikucheka kwamba umezeeka tangu asubuhi. Uliinamisha kichwa ili tukupanguse. Tulishindana nani atatoa pamba nyingi masikioni mwako. Ngai, tulikuwa tunachezea nini!

Na kulikuwa na yale maziwa. Kila mtu wa chumba chenu alipewa pakiti moja kwa siku, ya kuosha kifua. Hivyo ndivyo mlivyoambiwa na hivyo ndivyo Thika nzima ilivyoamini, na bado inaamini: vumbi likiingia, maziwa yanaliteremsha. Wenzako walikunywa pale pale getini. Wewe uliiweka pakiti ndani ya koti, ukapanda baiskeli, ukala vumbi lingine la barabara mpaka nyumbani, na ukanikabidhi mimi. "Shika, Maitu." Mama alipika chai. Ndugu yangu Kamau, ambaye bado alikuwa akitambaa uchi uani, alipewa pakiti tupu ainyonye kona.

Siku moja nilikuuliza, "Baba, si hii ni ya kifua chako? Kunywa wewe."

"Kifua changu kina tangawizi," ulijibu. "Hiyo maziwa ni ya mifupa yenu."

Kikohozi chako kilikuwa cha Jumatatu. Jumapili ulisimama kanisani ukaimba sauti ya chini mpaka benchi likatetemeka. Jumatatu jioni ulirudi ukisukuma baiskeli badala ya kuipanda, ukakaa juu ya jiwe la mlangoni, mkono kifuani, kama mtu aliyefungwa kamba. Kufikia katikati ya wiki ulikuwa umepata nafuu. Mama alilaumu kanisa. Eti mnasimama nje kwa baridi mkisalimiana baada ya ibada, eti sakafu ile ya simiti inapitisha ubaridi miguuni. Alikushonea sweta nzito ya Jumapili. Wewe ulisema ni stress tu. "Jumatatu ni Jumatatu. Hata gari haitaki kuwaka." Tukacheka. Basi Jumapili jioni ikawa jioni ya sufuria. Nyumba ilinuka saumu hadi kwenye mito ya kulalia. Ulikunywa, ukajifukiza, ukalala mapema, ukafanya kila kitu ambacho mtu anayejitunza hufanya, na asubuhi ukaenda kuyapokea yale yale.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni homa gani hii inayojua siku.

Baadaye ilisahau siku. Ikaja Jumanne, ikaja Ijumaa, ikakaa. Ulishindwa kupanda hata kile kilima kidogo cha kwenda shambani. Mimi nilikuwa nimemaliza shule wakati huo, nikasimama mbele yako na kukuamuru kama mama anavyoamuru. Nenda hospitali. Ukatabasamu. "Sawa, Maitu. Wiki ijayo." Ukaongeza asali. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake, na ulipofika hospitali ulikuwa umebebwa, na daktari alikuwa na haraka, na hukurudi. Nimelitafakari hilo mara nyingi nikiwa hapa kibandani, na nitalisema hata kama linauma: nilikuwa mama yako siku za kupokea maziwa. Siku ya kukuamuru ulinigeuza mtoto.

Tangu tukuzike sijaweka maziwa kwenye chai. Nakunywa strungi. Watu wanadhani najipunguza mwili. Ukweli ni kwamba miaka yote hii niliamini tulikunywa kifua chako. Nilihesabu kwamba kila pakiti uliyonikabidhi ilikuwa pumzi yako, na kwamba sisi watoto tuliinyonya mpaka kona. Sikumwambia Mama. Ningemwambia nini, naye ndiye aliyekuwa akiimimina?

Sasa nikuambie kuhusu Kamau. Amekuwa mrefu kuliko wewe. Ana mke na msichana mdogo, na anafanya kazi hapa Ruiru kwenye kiwanda cha vyakula vya mifugo, kwenye mashine ya kusaga, akijaza magunia. Hutoka huko amepakwa unga wa mahindi na pumba mpaka kope. Anapewa maziwa. Anampelekea mtoto. Huyo ni wako, hakuna wa kubishana. Na kila Jumapili amekuwa akipita kwangu kuchukua chupa. "Sista, nifungie ile ya Mzee." Nilifunga. Nilifurahi hata, kwamba kuna kitu chako tunachoshiriki.

Jumapili moja mwezi uliopita alikuja akitoka zamu ya ziada, akapanda vile vingazi vitatu vya mawe mbele ya kibanda, akashika nguzo. Mkono mwingine ukaenda kifuani. Pale pale, Baba, kidole kwa kidole. Nilifunika sufuria.

"Leo sina," nikasema.

"Huna aje na naiona hapo inatoa moshi?"

"Hii ni ya homa. Wewe huna homa."

"Aki Nyambu, ni stress tu. Monday hunishika. Kila mtu hushikwa na Monday."

"Kesho twende hospitali."

"Nikose kazi juu ya kikohozi? Baba alikuwa anakunywa hii na alifanya kazi mpaka..."

"Mpaka?"

Wateja walikuwa wameacha kunywa, wanatuangalia. "Unauzia Ruiru yote," akasema polepole, "na ndugu yako unamnyima." Akashuka akaenda zake. Jioni Mama akanipigia simu kutoka Gatuanyaga, tayari ameshalishwa maneno. "Nyambura, mpe mtoto dawa ya baba yake." Nikamuuliza dawa ya baba yake ilimfanyia baba yake nini. Akakata simu. Najua nilimkata mahali pabaya, lakini siombi msamaha, kwa sababu mtu akiniambia tena jambo lile la sweta na sakafu ya kanisa nitapiga mayowe.

Kamau alirudi mwenyewe. Alishindwa kuinua gunia, msimamizi akamwambia aende nyumbani akapumzike stress. Hakuomba chupa. Alikaa kwenye kiti changu akisubiri nifunge kibanda, tukaenda.

Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, sauti ya chini. Alimfanya apulize kwenye mashine, mara ya pili, mara ya tatu. Akamuuliza anafanya kazi gani. Kisha, kabla Kamau hajasema lolote kuhusu siku, akauliza, "Jumatatu ndio mbaya zaidi?"

Nilishika ukingo wa meza. Alijua! Ilikuwa ni kitu kinachojulikana. Kiko kwenye vitabu vyao, wanafundishwa, na wewe uliondoka duniani bila mtu hata mmoja kukuuliza swali hilo. Alitueleza kwamba kifua kikipumzika mwisho wa wiki huwa kinaanza kupona, halafu Jumatatu vumbi linakipiga upya. Sio kanisa, Baba. Kanisa lilikuwa linakuponya.

"Lakini huwa tunapewa maziwa, daktari," Kamau akasema. "Ya kuosha."

"Na hata hayanywi," nikamrukia. "Anapelekea mtoto."

"Wacha apelekee mtoto," daktari akasema. "Maziwa inaenda tumbo. Vumbi inaenda mapafu. Hazikutani."

Nilicheka. Nilicheka mpaka akaniuliza kama niko sawa, halafu kicheko kikageuka na sikuweza kukishika. Hatukunywa kifua chako. Hakikuwa kwenye pakiti. Ungeimaliza yote pale getini, kila siku ya maisha yako, na bado ungekufa vile vile. Nilidhani nikijua hivyo nitapata nafuu, na nilipata, kwa muda wa kufuta machozi. Kisha hasira ikaja ikakaa mahali palipokuwa na hatia, na ni nzito kuliko hatia. Kwa nini walikupa maziwa? Nimepata jibu langu na hakuna wa kuniondoa hapo: walikupa maziwa ili usiombe dirisha la kutolea vumbi. Nawe, mtu mwerevu hivyo, uliyejua jani la kila ugonjwa, ulishukuru.

Daktari akauliza kama kwetu kuna mwingine aliyewahi kuumwa kifua. Wazazi wako hai? Baba alifariki kwa nini?

"Homa," Kamau akajibu haraka. Hakuwa anadanganya. Ndivyo tulivyomwambia. Hata siku ya mazishi mimi ndiye niliyesoma wasifu wako, nimesimama kando ya jeneza, nikasema umetuacha baada ya kuugua kwa muda mfupi, kwa sababu ndivyo kila mtu husomewa. Muda mfupi, Baba! Kila Jumatatu ya utoto wangu.

"Alifariki kwa pamba," nikasema. Kamau alinitazama kana kwamba nimekutukana.

Alipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Daktari akamwambia kifua chake bado kinaweza kurudi, ila asirudi kwenye vumbi, na kwamba tangawizi anywe tu akiwa na mafua, ni nzuri, lakini haiwezi kupigana na gunia. Njiani nilimwambia aache kazi ile, tutauza pamoja, atafute shamba la kulima, chochote chenye hewa. Alitembea mbele yangu hadi karibu na kwao. Kisha akaweka mkono begani mwangu, akatabasamu lile tabasamu lako, akasema, "Sawa, sista. Nitaangalia."

Amerudi kazini. Amepita hapa asubuhi hii akanipungia mkono, na ile dawa ya kuvuta iko mfukoni, na anadhani hiyo sasa ndiyo itakayomlinda. Mimi nimeshasema. Daktari amesema. Mama nimemweleza, na sasa analia badala ya kukata simu, lakini hajathubutu kumwambia kitu, kwa sababu Kamau ana jibu moja tu kwetu sote: Baba alivumilia. Wewe ndiye anayemtii. Umekufa na bado wewe ndiye anayemtii.

Barua kama hizi humaliziwa kwa kumwombea marehemu usingizi mwema. Nimekaa na kalamu muda mrefu, sufuria inachemka, na neno hilo limenikataa. Nakupenda, na siwezi kukuambia ulale. Mwanao yuko ndani ya vumbi. Amka, Baba.

Binti yako wa kwanza,
Nyambura