Kadi Yako Iko Ndani ya Kibuyu cha Mbegu

Moraa, mjukuu wangu,

Kwani huko Nairobi walikukata miguu? Desemba mbili zimepita na mlango wangu haujakuona. Ya kwanza ulisema ni kazi. Ya pili hukusema kitu, na mimi nilikuwa nimekuchagulia jogoo, nikamlisha mpaka akawa na maringo ya chifu. Tulimla mimi na Zaituni, na kila pande nililomeza nilitaja jina lako. Aibu ni yako, si ya jogoo.

Anayeandika ni huyo huyo Zaituni, wa meza ya leso karibu na ndizi zangu pale sokoni Daraja Mbili. Mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Tunatumia Kiswahili kwa sababu yeye Kigusii hakijui vizuri hata baada ya miaka yote hii, na wewe chako umekimwaga barabarani. Kiswahili changu ni cha sokoni, yeye anakinyoosha kama anavyokunja leso, lakini maneno ni yangu. Nikisema wewe ni mjinga, ataandika mjinga. Nimemwapisha.

Tangu ile simu yako sijatulia. Ulisema, "Magokoro, ile kadi itupe tu. Hawa watu hawarudi." Nikakuuliza umekula? Ukasema umekula. Ukakata. Hujapiga tena, na nikipiga mimi inaita mpaka inachoka yenyewe.

Itupe tu. Unajua unachoniambia nitupe?

Unakumbuka siku nilipoileta ile mashine? Ulikuwa darasa la tano, unaishi kwangu hapa Nyakoe, mama yako Nyaboke akihangaika na maisha Nairobi. Muuzaji wa mitumba alinishikisha lile sanduku jeusi akaniapia ni deki, ati itanichezea kwaya zote za kanisa. Nilikataa kupanda gari lisije likaitikisa. Niliibeba kichwani juu ya gunia tupu, njia yote, kwa miguu, kama bibi harusi anayebeba mtungi wake. Ulipoiona ulicheka mpaka ukakaa chini. "Magokoro, hii si deki! Hii ni gemu!" Kesho yake nilirudi sokoni kumtafuta yule bwana nimrudishie sanduku lake na kofi moja la nyongeza. Alikuwa amehama meza. Leo nasema asante Mungu alihama.

Ndani ya mashine kulikuwa na sidii moja, na ndani ya sidii kulikuwa na bonde. Watu wadogo, nyumba ndogo, na kila nyumba unayoijenga unaiwashia taa. Gemu yote ni hiyo. Hakuna bunduki, hakuna kufukuzana. Nilikaa nyuma yako ili nikukemee uende ukaoshe sufuria, nikajikuta nakukemea kwa sababu umepanda migomba kwenye kinamasi.

"Wewe! Hapo itaoza. Ipandishe kwenye mteremko."

"Magokoro, ni gemu tu."

"Gemu au si gemu, mgomba ni mgomba."

Ukaihamisha. Ikazaa. Nimekukumbusha jambo hilo miaka yote na sitaacha leo.

Ulipopata sehemu ya tatu ya gemu hiyo ukaniingiza na mimi. Niliona mwanamke mfupi wa kitambaa cha kijani akizurura kijijini mikono mitupu. Nikauliza, huyo mvivu ni nani? Ukasema ni mimi. Nikakwambia mpe kikapu haraka, sitatembea mbele za watu kama mkaguzi. Ukampa kikapu, ukampa na mbuzi. Siku bonde lilipojaa taa zote, watu waliingia nyumbani wakalala, mimi na kitambaa changu pia, na maandishi yakatokea. Ukanisomea: tunza kadi yako, bonde litaamka katika sehemu ya nne. Halafu ukalia. Nilidhani tumeshindwa.

"Tumeshinda, Magokoro. Lakini imeisha mpaka waje."

Ulipoenda shule ya bweni ulinipa ile kadi, ndogo, nyeusi, kama kipande cha sabuni kilichobaki beseni. "Nitunzie. Bonde letu lote limo humu." Nikaiweka kwenye mkebe wa majani ya chai, pamoja na kitambulisho changu na karatasi za shamba. Sikuiweka na vitu vya kuchezea. Hilo ulijue.

Tangu hapo kila mwaka nimekuuliza, wametoa? Na kila mwaka, bado, Magokoro. Soko zima lilijua. Wauza nyanya waliniuliza, "Mama Nyaboke, vipi ile ya nne?" nami nikawajibu kama mtu mwenye mtoto ng'ambo: bado, lakini wako njiani. Uliniambia wako watu kama wewe dunia nzima, mna kundi lenu kwenye simu, wengine wanaamini, wengine wanawacheka wanaoamini, mnatukanana, mnapatana. Nikasema hilo ni kanisa, limekosa sadaka tu. Na kila Desemba ulipokuja, kabla hujanywa hata uji, ulifungua mkebe, ukaipuliza kadi, ukaitia kwenye mashine, ukalitazama bonde. "Wamelala vizuri," unasema. Unaitoa, unairudisha. Halafu ndiyo unanisalimia mimi niliyekuzaa mara ya pili! Nilikusonya, lakini moyoni nilitulia. Kama wale wamelala vizuri, na wewe uko sawa.

Ndiyo maana mwaka huu nimeogopa. Wenye gemu walitoa picha ya taa moja ya bonde, inawaka gizani, bila neno lolote, nanyi mkasema ni ya nne inakuja. Ulinipigia ukipiga kelele mpaka Zaituni akasikia kutoka meza yake. Siku chache ukawa mtoto tena, hata ulinidai nikueleze upya kuhusu migomba. Kisha ikajulikana si ya nne. Ni kitu cha simu cha kubahatisha, unatia pesa uone kama taa itawaka. Kamari iliyovalishwa nguo za bonde letu. Ndipo ukapiga ile simu. Itupe tu.

Sikuitupa. Lakini niliona sasa iko kwenye mkebe kama kitu kisicho na mwenyewe. Siku moja mtu atafagia humu ndani aseme hii takataka ni ya nini. Kwa hiyo nilifanya kile tunachofanya hapa na kitu ambacho hakitakiwi kufa. Niliitia kwenye kibuyu cha mbegu. Mbegu za wimbi, na majivu ya kuzuia wadudu, na kadi yako katikati, kizibo cha gunzi, kamba, nikakiweka juu ya dari la jikoni kwenye moshi. Hakuna mtu wa kwetu anayetupa mbegu. Hata ile njaa ya utoto wangu, tulilala bila kula na kibuyu kiko pale juu kinatutazama.

Nikajiona mwerevu sana. Kisha juzi akaja yule mwalimu wa Ogembo, yule mwenye mvi kwenye ndevu, uliyebishana naye mwaka mzima kwenye kundi lenu halafu mkawa ndugu. Alinunua mkungu wa ndizi ambao nilijua hautaki. Akausimamisha chini, akasema, "Mama, Moraa yuko salama?"

"Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Amejitoa kwenye kundi. Aliandika, mimi nimemaliza kusubiri. Tangu siku hiyo hajibu mtu."

Nimemaliza kusubiri. Maneno hayo nayarudia hata nikihesabu ndizi. Mtu anaweza kuyasema kuhusu gemu. Anaweza pia kuyasema kuhusu mambo mengine.

Mwalimu akauliza, "Na kadi yake? Aliniambia wewe ndiye unayeitunza."

"Iko salama," nikasema, kifua mbele. "Iko kwenye majivu, juu ya dari la jikoni."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Majivu! Mama! Kadi ya gemu kwenye majivu! Na moshi?"

"Na moshi. Mbegu hazijawahi kulalamika."

"Mbegu hazina shaba, mama."

Akanieleza vile vijimeno vya shaba vilivyo chini yake, kwamba majivu yakipata unyevu kidogo tu huvila. Zaituni alicheka mpaka leso zikamwanguka, kisha akaniona uso wangu, akaziokota moja moja. Basi ndivyo ilivyo. Huenda nimeliua bonde lako kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kulipenda. Sijui. Kila nikiwasha moto natazama juu.

Nisikilize sasa jambo la Sokoro, babu yako, na usiseme unalijua. Unalijua kwa macho ya mtoto. Soko la pareto lilipokufa, wanunuzi wakapotea, majirani waling'oa yote. Yeye akaacha mstari mmoja kando ya ua. Watu wakimcheka njiani, "Mzee, unachumia nani?" Anasema, nachumia watakaorudi. Miaka ikaenda. Ikaenda tena. Siku ile alirudi kutoka mkutanoni Ogembo, walikoahidiwa wanunuzi wa pareto wakapata maneno matupu, akachukua panga, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Ng'oeni tu." Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya. Wewe ndiye uliyeshika kikapu, ukimfuata nyuma ukiokota maua meupe ukayaweka kwenye kikombe cha maji.

Miaka mitatu baadaye wakaja watu wanatafuta miche ya pareto kila boma. Hatukuwa nayo. Lakini si hilo lililoniuma, Moraa. Hata wasingekuja, ningeumia vile vile. Kilichoniuma ni kwamba baada ya siku ile hakuulizia tena chochote. Hakuuliza mvua. Hakuuliza ng'ombe amezaa nini. Aling'oa mstari mmoja, na nafikiri mizizi ilikuwa mirefu kuliko alivyojua.

Sauti yako ya itupe tu ni ile sauti yake. Mimi nimelala kando ya sauti hiyo mpaka alipozikwa, siwezi kuisahau hata kwenye simu mbovu.

Hapa Zaituni ameweka kalamu chini. Ananiambia, "Dada, mwandikie ile ya nne itatoka, mtoto apate moyo arudi."

Nikamwambia, sitamdanganya.

"Ni uongo mdogo."

"Mwenye gemu amemdanganya kwa taa. Nami nimdanganye kwa barua?"

Ameguna. Anaandika. Kwa hiyo soma: labda hawaji kamwe. Labda wamezeeka, wamegombana, wameuza. Mimi siwajui na hawanijui. Kusubiri kwako kukiisha, kuishe, hutakuwa umenikosea. Lakini nakuuliza wazi, kwa sababu mimi sijui kuzunguka: ni gemu peke yake uliyoiacha, au kuna kingine? Kazi imeisha? Kuna mtu amekuumiza? Unakula kweli au unaniambia tu umekula? Kama umepoteza kazi, hapa hakuna atakayekuhoji. Atakayekuhoji nitampa lile kofi la muuzaji wa deki, bado ninalo.

Mama mkwe wangu aliniachia sheria moja, nami nimeishika kuliko nilivyomshika yeye. Kibuyu cha mbegu mtu anaweza kukijaza peke yake, lakini hakifunguliwi na mtu mmoja. Mmoja anashika, mwingine anachomoa kizibo, ili mwenye njaa asile mbegu kwa siri halafu asingizie panya. Nilifungua na Sokoro. Alipokwenda nilifungua na wewe, hata mwaka ule ulipokuja na homa. Mwaka jana nilikuwa nimesaza mbegu kidogo kwenye sufuria, nikapanda hizo. Mwaka huu sufuria ni tupu. Shamba limelimwa, mawingu yameanza kukaa upande wa Manga, na majirani wananiuliza nangoja nini. Zaituni amejitolea kunichomolea. Nimemkatalia, na ameudhika kidogo, lakini ataandika hivyo hivyo. Mvua ikianguka kabla hujafika, nitapanda wimbi la kuomba kwa watu. Kile kibuyu kitabaki juu.

Na ukumbuke, mimi pia nimo humo ndani. Nimelala na kitambaa changu cha kijani miaka yote hii, mbuzi yuko nje, na aliyeniambia nilale ni wewe.

Basi ukija, usiniletee sukari wala mkate. Ukishuka, pita kwa Zaituni umwambie pole kwa leso zake. Nyumbani usisimame uani kusalimiana na watu, na mimi pia usinisalimie kwanza, nimeshazoea. Nawa mikono uikaushe vizuri, uingie jikoni. Mimi nitakuwa nimekishusha kibuyu na nimekishika kwa mikono miwili. Wewe chomoa kizibo. Kama kadi imekufa, nitukane mara moja, moja tu, kisha tuchukue mbegu twende shambani. Kama iko hai, ipulize.

Magokoro wako