Simu ya Yoramu Imewaka

Nazlin mbona hupokei? Basi soma. Nimefanya ujinga.

Nimewasha simu ya kaka Yoramu. Ndiyo, marehemu, tuliyemzika juzi kwenye migomba. Nilitaka kusoma meseji zake tu, nijue kwa nini alipandisha wageni mlimani huku anaumwa. Nikasema nani atajua, mwenyewe si hayupo?

Mara zikaanza kuingia. Moja, mbili, tatu. Zote za Yuditha mchumba wake, kamwandikia BAADA ya mazishi! Mambo yao ya ndani kabisa. Nikazisoma zote, Nazlin. Zote.

Kumbe Yuditha kaweka ripoti. Simu ya huku ikiwaka tu, kwake inaandika meseji imefika.

Hata dakika haijaisha, ikaingia ya nne: "Zote tatu zimefika! Nilijua! Ndiyo maana walikataa kufungua jeneza. Uko wapi mpenzi?"

Nikaizima.

Sasa hivi ameniandikia mimi: "Wifi, usimwambie mtu. Yoramu yuko hai. Kuna mtu yuko naye, kamzimia simu. Nisaidie kumjua."