Jani la Mgomba na Saiti Mira za Landkruza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyenichapa kwa kupita mbele ya wakubwa bila kusalimia, kwa hiyo nasalimia.

Mimi mzima. Baba naye mzima, ila siku hizi anaongea zaidi na ng'ombe kuliko anavyoongea na sisi. Migomba yako ya nyuma ya jiko imezaa. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita niliulizwa swali karakana, nikalijibu vibaya, na toka siku ile sina raha.

Unaikumbuka karakana ya bosi wangu Ombeni, kule Themi? Ulikuja mara moja tu, na hotipoti ya ndizi kwenye kapu, bado umeninunia. "Yaani kusoma kote kule, mwanangu, unabandika stika?" Nikakueleza kwamba si stika, ni rapu, plastiki nyembamba ambayo gari zima linavishwa mpaka linapata rangi nyingine. Ulinisikiliza vile unavyosikiliza mahubiri marefu. Halafu ukapitisha kiganja juu ya boneti niliyoimaliza, ukasimama mahali, ukasema, "Hapa pana pumzi." Kweli palikuwa na kiputo cha hewa, hata Ombeni hakukiona. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akasema atakuajiri, ukamjibu una kahawa ya kuchuma.

Basi boneti si kazi, mama, boneti ni kama kutandika meza. Kazi iko kwenye mviringo: saiti mira, vile vioo vya pembeni, pembe za bampa, madigadi ya juu ya matairi. Ombeni alinionya tangu mwanzo kwamba plastiki ukiivuta kwa nguvu itakubali mbele yako, ukigeuka inarudi ilikotoka. Nikaitikia "sawa, kaka" huku mkono umeshatangulia. Si unanijua! Wewe ndiye uliyeniita Haraka, ukisema nilizaliwa mkunga bado anavua viatu.

Miezi mitatu baada ya kukuzika tukapata kazi kubwa. Mama mmoja wa Usa River ana Landkruza sita za kupeleka watalii mbugani, akataka zote ziwe na rangi ya kijani iliyokolea. Ombeni akanikabidhi la kwanza. Lilipendeza, nikapiga nalo picha. Likaenda Serengeti siku tano, likarudi saiti mira zimenyanyua kingo kama masikio ya mbuzi, vumbi limejaa ndani, na pembe ya bampa imebanduka. Yule mama hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema tu turudie sehemu zile, na zikinyanyuka tena, magari yote sita anayapeleka kwingine. Alipoondoka, Ombeni akaniambia, "Dada, wewe ni kama ndugu yangu, lakini kazi hii ikiondoka sina cha kukuweka nacho hapa."

Nikarudia. Asubuhi zimenyanyuka. Nikarudia tena, nikavuta zaidi, mjinga mimi, asubuhi zimenyanyuka zaidi. Nilikusema hata wewe, mama, nisamehe. Nilisema ungekuwepo ungefurahi kwamba stika zimenishinda.

Jumamosi nikapanda kwenda nyumbani kijijini. Jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwetu, nikapewa lile sufuria kubwa la ndizi. Zilipokaribia kuiva nikaenda kukata jani kwenye migomba yako ili nizifunike, na kuanzia hapo mikono ikafanya kazi yenyewe. Nikaondoa uti wa katikati. Nikalipitisha jani juu ya moto polepole mpaka likabadilika rangi, likalegea kama kitenge. Nikalilaza juu ya mdomo wa sufuria bila kulivuta, nikalikandamiza kutoka katikati kwenda ukingoni, nikalikunja likashuka na mviringo, nikamalizia kwa kuzungusha kijinga cha moto karibu na ukingo wote. Nilikuwa na miaka saba ulipoanza kunifundisha. Kila jani nililovuta bichi lilichanika, ukakata lingine, ukanipa bila hata kofi. "Lipashe, Haraka. Liache lilale lenyewe. Mwisho lipashe tena, lisahau lilikotoka."

Lisahau lilikotoka! Mama, nilikaa chini palepale kwenye kigoda chako nikalia, mpaka shangazi akadhani ni moshi.

Jumatatu nikabandua kila kitu, nikaanza upya. Nikasafisha kwa spiriti mpaka ndani ya kingo, kule vumbi linakojificha. Nikapasha plastiki kwa ile mashine ya kupuliza joto, nikailaza, ikajikunyata kidogo, nikaiacha itulie. Kwenye mabonde ya bampa niliisukuma ndani kwa kidole, kidogo kidogo, badala ya kuiwamba juu kama ngozi ya ngoma. Nilipokata niliacha upana wa kidole, nikaukunjia kwa ndani. Mwisho nikazipa kingo zote joto kali, nikazishikilia mpaka zikapoa. Saa nzima, saiti mira moja! Mimi! Ombeni alisimama mlangoni, mikono mfukoni, akitazama.

Gari likaenda mbugani siku saba. Liliporudi, yule mama akashuka, akapitisha ukucha kuzunguka saiti mira ya kushoto, kisha ya kulia, kisha akachuchumaa kwenye bampa. Ukucha haukunasa popote. Akainuka, akaniuliza, "Nani kakufundisha?"

Nikasema, "Ombeni."

Si uongo wote, lakini ni uongo. Niliona aibu kumwambia mwenye Landkruza sita kwamba nilifundishwa jikoni, kwenye sufuria la ndizi, na mama ambaye hakuwahi kushika usukani. Nilikukana kama Petro, na jogoo hata hakuwika. Kazi nimebaki nayo, magari matano yaliyobaki ni yangu, na wewe sikukutaja.

Kwa hiyo nakutaja sasa. Asante, mama. Asante kwa majani yote niliyoyachana na wewe ukakata mengine. Asante kwa kuninunia, halafu ukaniletea ndizi. Nilidhani kazi hii niliipata kwa kukukaidi, kumbe ulishanipa kabla sijajua kuandika jina langu vizuri.

Kesho gari la pili linaingia, na yule mama analileta mwenyewe. Nimeshamwambia asije ameshiba. Nitapika ndizi, nitazifunika kwa jani la mgomba wako, na akinyanyua lile jani najua ataniuliza nani kanifundisha kupika hivi. Nitamjibu kwamba ni yuleyule aliyenifundisha saiti mira zake.

Pumzika, mama. Usiharakishe kunijibu, sasa hivi najua kusubiri.

Kitindamimba wako,
Haraka