Maneno ya Mstari wa Juu

Jumatatu, 5 Mei 2025

Robert, wakala wa kazi za nje, amepiga simu. Mahojiano ya video na wale wazungu ni Jumatatu ijayo — ile kazi ya kutunza wazee ng'ambo. Akanikumbusha vile nilifeli mara ya kwanza. Waliniuliza nilisikia aje baba alipokufa, nikasema sad. Wakauliza nini kingine. Nikasema very sad. Aki nilitamani ardhi inimeze.

Ati mzee akilia lazima uandike analilia nini, kwa Kiingereza kamili. Nelvine, yule msichana anasomea ualimu Kabianga, amekubali kunitumia maneno kwa WhatsApp. Nikikosa tena, sijui. Mashine ya kuchuma chai imeingia mpaka block yetu, tumebaki sisi wa miteremko mikali tu. Siku mashine itapanda hapo, nyumba ya kampuni tunatoka, mimi na mtoto wangu Amondi. Ana miaka sita, hajui kwingine.

Jumanne, 6 Mei

Tumepata njia na Cherotich, mwenzangu wa kuchuma! Ukungu ukishuka huku, wachumaji huitana kwa mistari ili mtu asijipate peke yake — unaita, jirani anajibu, hamuonani. Sasa tunaitana na maneno. Mmoja anatoa kisa kwa Kiswahili, mwingine anarusha neno la Kiingereza. Nikaita: mume ameleta soda moja, akainywa yeye. Cherotich: angry! Nikamwambia hapana, Nelvine amesema kuna disappointed. Akacheka mpaka akamwaga majani. Ati wazungu wana hasira za kila saizi, kama viatu.

Jumatano, 7 Mei

Ukungu mzito, hata kikapu changu mwenyewe sikukiona. Lakini Cherotich leo alikuwa moto! Alikuwa mstari wa juu, namwita, anajibu kabla sijamaliza. Mtu ako mbali, ananusa moshi wa kuni, machozi yanamtoka. Homesick. Umefutwa kazi, na supavaisa ni wewe ulimfundisha. Resentful. Halafu akanipa visa vyake, polepole, bila kicheko. Kila neno nililisikia kwa kifua kabla ya kichwa. Kwa homesick nililia kabisa, na mimi niko nyumbani.

Alhamisi, 8 Mei

Cherotich amerudi kazini leo. Amerudi! Tangu juzi jioni alikuwa kwao Merigi, mamake ni mgonjwa. Nikamwambia aache mchezo, jana tulikuwa pamoja. Akaniangalia sana.

"Mama Amondi, jana mimi nilikuwa hospitali."

Nimemuuliza Gekara, supavaisa wetu, jana mstari wa juu alimpa nani. Akasema huo hajampa mtu tangu akina mama wa huko waachishwe kazi. Halafu akashusha sauti — nikiitwa huko, nisijibu. Nilishindwa kumwambia ni mimi ndiye niliita.

Sasa naikumbuka ile sauti. Cherotich wangu, kwa lafudhi ya kwao, akisema bado, unasikia pato. Ya jana ilisema bado, safi kabisa. Nimeogopa. Nelvine anatuma afraid, scared, terrified. Hakuna hata moja inatosha.

Ijumaa, 9 Mei

Nimerudi kule kwa ile sauti. Niseme ukweli, nimerudi na miguu yangu, hakuna mtu alinisukuma. Cherotich amekataa, ameomba apelekwe mteremko wa mtoni. Yeye hana video Jumatatu. Maneno ya Nelvine ni makavu, nayasahau kabla sufuria ichemke. Ya huko juu hayasahauliki.

Nikaita. Ikajibu. Dread, hofu ya kitu kinachokuja. Longing, hamu isiyoshiba. Grief, majonzi — kwa hiyo tulikaa sana. Na leo haikutoka juu. Ilitoka kwa kichaka kinachofuata changu, na hakuna jani lilitingika. Nikauliza wewe ni nani. Halafu ikaniuliza, kwa upole kama mama:

"Amondi akishika mlango wa gari na wewe uko ndani, utasikia aje?"

Mimi jina la mtoto sikumtajia, hata siku moja. Lakini nilijibu! Neno nilikuwa nalo, heartbroken, na liliniuma kama kisu. Ikasema, "Vizuri." Niliteremka mbio, kikapu nikaacha.

Jumapili, 11 Mei

Kanisa sikwenda. Amondi anasema siku hizi napumua kama watu wawili. Nimemgombeza, halafu nikamshika nikamkumbatia mpaka akalalamika. Kila kitu ninachosikia nakijua jina. Kila kitu! Inachosha.

Jumatatu, 12 Mei

Niko kwa ngazi, nje ya ofisi ya Robert. Wacha niandike haraka.

Video ilianza vizuri. Yule mama mzungu anauliza, mimi najibu, maneno yanatoka yenyewe. Anatabasamu, anaandika. Kwa chumba niko peke yangu, mlango umefungwa. Halafu kalamu yake ikasimama. Akasema samahani, sheria ni mtihani ufanywe na mtu mmoja, yule dada ameketi nyuma yangu atoke.

Nikageuka. Kiti na ukuta.

Nikamwambia hakuna mtu. Akarudia, kwa heshima — anamwona, anafungua mdomo kabla yangu. Asipotoka, ananifuta.

Ningefanya nini? Nilisimama nikafungua mlango.

"Dada, asante. Sasa toka."

Baridi ikapita kwa miguu yangu, na harufu ya majani mabichi. Nikafunga. Mzungu akashukuru. Akaleta swali la mwisho: utamwacha mtoto wa miaka sita, unasikia aje?

Nikafungua mdomo. Hakuna. Nikatafuta kwa Kiswahili, nikatafuta kwa Kijaluo. Hakuna. Si maneno pekee — nilitafuta hata mahali yanatoka. Alinisubiri sana, halafu akapangusa macho yake. Akasema ameelewa.

Robert ametoka sasa hivi anapiga makofi. Nimepita! Mzungu amemwambia hajawahi kuona mtu ana uchungu hivyo. Safari ni mwezi ujao.

Cherotich alikuwa amenishikia Amondi hapa nje. Mtoto amesikia hiyo safari, analia, amening'inia kwa sketi yangu. Naandika na mkono mmoja. Ule mwingine nimeuweka kwa kichwa chake, kwa sababu watu wanaangalia. Nangoja nisikie kitu ndani yangu.